Mjini hadi Kiwengwa na kurudi: upepo kwanza, kilomita baadaye

*Safu ya wasomaji. Anayejibu ni Bi Mwalimu, mstaafu wa skuli za Wilaya ya Kati, Unguja, ambaye hadi leo sokoni anakwenda kwa baskeli.*

SWALI: Asalaam aleikum Bi Mwalimu. Sisi ni vijana watatu wa Jang'ombe, kaka na dada wa tumbo moja pamoja na binamu yetu. Mwezi wa nane tunataka tutoke na baskeli asubuhi, tufike pwani ya mashariki, turudi siku hiyohiyo kabla ya Magharibi. Baskeli mbili ni Phoenix, ya tatu ni ya gea, mtumba wa Japani. Tumezoea kwenda Fuoni na Bububu tu. Barabara ya Paje tunaiogopa kwa gari za watalii. Tupite wapi, tutoke saa ngapi, tubebe nini? Kaka yetu mkubwa anasema kilomita 100 kwa Phoenix ni maringo matupu.
*Watatu wa Jang'ombe*

JIBU: Waaleikum salaam, wanangu. Kaka yenu ana haki ya kutia shaka, ila shaka yake kaiweka mahali pasipo pake. Kilomita 100 kwa Phoenix, mkienda mwendo wa kuweza kuzungumza bila ya kuhema, ni kama saa saba za kukanyaga pedeli. Saa saba hizo kijana mzima anaziweza. Asichokiweza ni saa saba mchana katikati ya maweni, ile ardhi ya mawe ya upande wa mashariki, hakuna mti, chupa tupu, na upepo unampiga kifuani. Ndiyo maana safari ya namna hii siipangi kwa kilomita. Naanza na upepo, nakuja kwenye jua, na kilomita nazihesabu mwisho kabisa.

Mwezi wa nane ni wakati wa kusi. Upepo unatoka kusini na kusini-mashariki, asubuhi unakuwa mdogo, jua likipanda nao unaamka, na kuanzia saa sita hadi saa kumi hivi ndipo unapofanya kazi yake. Sasa chukueni ramani ya kisiwa muitazame. Safari yenu ina pande nne. Mjini hadi Chwaka mnakwenda mashariki moja kwa moja, kama kilomita 32. Chwaka, Uroa, Pongwe hadi Kiwengwa mnafuata pwani kwenda kaskazini, kilomita ishirini na kitu. Kiwengwa, Kinyasini hadi Mahonda mnarudi magharibi, chini kidogo ya ishirini. Mahonda hadi Mjini mnateremka kusini, kama 25. Jumla ni karibu 100, na mtu akikwambieni 95 au 103 msigombane naye, inategemea anaanza kuhesabu Darajani au Amani.

Pande hizo mnaweza kuzizunguka kwa kuanza na Chwaka au kwa kuanza na Mahonda. Ukitazama ramani peke yake utaona ni mamoja, lakini si mamoja hata kidogo. Mwezi wa nane anzeni na Chwaka. Sababu ni ule upande wa pwani: kule hakuna kinachozuia upepo, bahari iko pale na nyinyi mko pale. Mkiwa mnaelekea kaskazini utakusukumeni mgongoni, na hata Phoenix iliyobeba mzigo itakwenda kama imetiwa mashine. Mkiukabili, mtu wa nyuma yenu atakuwa anatukana mabasi, watalii na wazee wenu kabla ya kufika Uroa. Sikufichini kwamba upande wa mwisho, Mahonda kuja Mjini, upepo mtaupokea usoni. Lakini kule kuna minazi, miembe, mikarafuu na nyumba za watu, upepo unafika umeshavunjika nguvu.

Kwa wale watakaosoma haya wakati wa kaskazi, upepo ukitoka kaskazini, Disemba hadi Februari, geuzeni kila kitu. Tokeni kwa Mahonda alfajiri upepo umelala, mshuke pwani kutoka Kiwengwa hadi Chwaka upepo ukiwa nyuma yenu, na kutoka Chwaka mrudi Mjini bado unakusukumeni bega la kulia. Kwa upepo peke yake hiyo ndiyo safari bora ya kisiwa hiki. Tatizo lake ni joto la Januari na Februari, ambalo si la mchezo, na kwa watu wa mara ya kwanza bora mwezi wa nane.

Nije kwenye jua, na hapa nisikilizeni vizuri kwa sababu watu hawalizungumzi. Mnakwenda mashariki asubuhi. Mwezi wa nane jua linatoka kama saa 12 na nusu, na kwa muda wa saa nzima baada ya hapo linakuwa chini, usawa wa macho, mbele yenu. Nyinyi mtafumba jicho moja na barabara mtaiona. Dereva anayekuja nyuma yenu kioo chake kimejaa mwanga na vumbi, na hakuoni kabisa mpaka yuko juu yako. Watu wanaogopa giza. Mimi naogopa zaidi saa hiyo. Gizani mtu mwenye taa nyekundu nyuma anaonekana tangu mbali, lakini kwenye jua la chini taa haisaidii na shati jekundu linageuka jeusi.

Kwa hiyo salini Alfajiri, na saa 11 na nusu muwe barabarani na taa mbele na nyuma, Amani, Welezo, Mwera. Jua likichomoza tafuteni banda la chai, kaeni. Chai ya maziwa, maandazi, mbaazi zikipatikana, mpaka saa moja na robo hivi, jua limekwisha kunyanyuka juu ya miti. Hamtakuwa mmepoteza kitu. Kifungua kinywa mngekila vyovyote vile.

Dunga simameni dakika kumi kwenye magofu ya kasri la Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa Unguja. Wanafunzi wangu nilikuwa nikiwapeleka pale, na wengi walipenda zaidi kuambiwa habari za ngoma na siwa (pembe za kupuliza) za enzi yake kuliko kutazama kuta. Kasri ni la katikati ya karne ya 19, baada ya Sultani Seyyid Said kuhamia kisiwani, na Mwinyi Mkuu akabaki na watu wake huku ndani mashambani. Nyinyi mna jambo jengine la kufanya pale: kila mtu apitishe kiganja juu ya tairi zote mbili, akaze nati zilizolegea, ajaze maji. Dunga ndipo pa kujaza maji.

Sababu mtaiona wenyewe mkishapita Jendele. Ardhi nzuri ya miembe na minazi inakatika, vichaka vinakuwa vifupi, mawe ya matumbawe yanatokeza juu ya udongo. Mmeingia maweni. Upande wote wa mashariki ni hivyo, mvua ikinyesha inazama mule mule kwenye mawe, hakuna mto wala kijito, kivuli ni cha kuokoteza. Hii ndiyo sehemu ya barabara ninayoipenda kuliko zote kwa utulivu, lakini inampenda aliyejiandaa. Lita mbili kila mmoja kutoka Dunga, si chini ya hapo. Mkishuka lami kwa haja yoyote inyanyueni baskeli, msiisukume. Jiwe la matumbawe linakata tairi pembeni, mahali ambapo kiraka hakishiki.

Chwaka mtafika kabla ya saa tatu na nusu. Hapo ndipo pa kula chakula hasa. Chapati na maharage ya nazi, muhogo, samaki kama wapo. Msile kidogo kwa kudhani tumbo jepesi ni mwendo mwepesi, na msile urojo, ambao nitaujadili siku nyengine na mtu mwenye tumbo la chuma. Tazameni ghuba ile: mikoko yote mnayoiona ng'ambo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa 2004.

Kutoka hapo mpaka Kiwengwa upepo ni wenu. Kasi itawapanda kichwani, na ndiyo hapo watu wanapojichokesha wakasahau kwamba nusu ya safari bado. Uroa mtaona mwani umeanikwa kando ya njia. Kilimo hiki kilianza pwani yetu ya mashariki 1989, Paje na Jambiani, na wanawake ndio walioibeba kazi. Usipite juu ya mwani wa mtu hata kama umetandazwa mpaka kwenye ukingo wa barabara. Shuka, zunguka, salimia. Mara nyingi salamu hiyo ndiyo itakayokupatia maji ya kunywa.

Mmoja wenu, najua, atataka kupita ufukweni. Maji yakitoka, hasa wakati wa bamvua, yanapotoka mbali kuliko kawaida, mchanga unakuwa mgumu na baskeli inakwenda kwelikweli. Raha yake naijua. Lakini chumvi inaingia kwenye mnyororo na mchanga unaingia kwenye gololi, na bado mna kilomita hamsini mbele. Atakayeshindwa kujizuia basi usiku uleule aioshe baskeli kwa maji baridi ya bomba na aipake mafuta, asingoje asubuhi.

Baada ya Pongwe mtakuwa mnapita pembeni mwa msitu wa hifadhi wa Kiwengwa–Pongwe, wenye mapango ya mawe ndani yake, na gari zitaanza kuongezeka. Hapa ni hoteli. Gari za wageni zina saa zake: zinatoka Mjini baada ya kifungua kinywa na kurudi jioni, na katikati ya mchana kunatulia. Nyinyi mnazikwepa bila ya kutafuta njia ya siri, kwa kuwa mahali sahihi kwa saa sahihi. Barabara yenye amani mara nyingi ni barabara ileile ya kila mtu, saa nyengine.

Kiwengwa mkifika saa tano na nusu mnalaza baskeli. Salini Adhuhuri, mlale chini ya mti, msisikilize mtu anayesema "tumalizie tu." Mpaka saa nane. Sijui kwa nini vijana wanaona aibu kulala njiani, wavuvi hawaoni.

Saa nane mnapanda kuelekea Kinyasini. Ni kupanda kidogokidogo, miguu itajua kuliko macho. Kinyasini gari za Nungwi zinaingia barabarani, na kutoka hapo hadi Mahonda nendeni mstari mmoja, kushoto, mwenye mwendo mdogo kuliko wote awe mbele. Hili la mbele mlishike siku nzima. Mkimuacha nyuma atajiona mzigo, atakanyaga kwa nguvu asizokuwa nazo, na mtampoteza. Mahonda ni nchi ya miwa. Bilauri ya juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu saa hiyo inaingia mwilini mtu akiiona inavyoshuka.

Kutoka Mahonda barabara kubwa itakushusheni Bububu. Kama nguvu zipo na saa haijapita kumi, ulizeni njia ya Kizimbani, mpite mashambani hadi Kidichi na mshukie Bububu kwa juu. Harufu ya karafuu na mdalasini, gari moja moja, na pale Kidichi kuna hamamu la wakati wa Seyyid Said, la 1850. Kama mmechoka msijidanganye, fuateni barabara kubwa. Bububu hadi Mjini ni kipande kibaya kuliko vyote: daladala zinakata ghafla kushoto kuchukua abiria, na nyinyi mmechoka na mnaiona nyumba. Kila daladala iliyo mbele yenu ichukulieni kama itasimama sasa hivi. Msiipite kushoto kwake hata siku moja, hapo ndipo mlango unapofunguka. Kwa hesabu hii saa 11 na nusu jioni mko Jang'ombe, na Magharibi bado.

Siku: Jumamosi. Siku za kazi saa moja asubuhi watoto wa skuli wamejaa Mwera na Dunga, na kosa la mtoto anayekatiza ghafla litakuwa lenu. Ijumaa mtavunja safari katikati kwa sala. Jumapili watu wa Mjini wanakwenda pwani na jioni wanarudi wote kwa pamoja wakiwa na haraka.

Vifaa, kwa ufupi, isipokuwa kimoja. Pampu moja inatosha watu watatu ikiwa inashika vali zote, ijaribuni nyumbani. Spana ya nati za magurudumu, bisibisi, viraka, solusheni, msasa, na ukanda wa tyubu kuukuu wa kufungia mzigo kwenye kerea, ambao pia ni bendeji, kamba na kila kitu. Tyubu ya akiba bebeni mbili: Phoenix ni tairi la inchi 28 na ile ya gea pengine ni 26, kwa hiyo moja haitawafaa wote.

Kile kimoja ni pancha ya gurudumu la nyuma la Phoenix. Vijana wa siku hizi wanaanza kufungua nati, wanatoa kifuniko cha mnyororo, wanahangaika na fimbo za breki, nusu saa imekwenda na bado. Usilitoe gurudumu. Ilaze baskeli ubavu, toa upepo wote, vua tairi upande mmoja tu, na ivute tyubu nje mahali pale palipotoboka huku gurudumu likiwa limefungwa vilevile. Kama tundu hulioni tia upepo kidogo, pitisha tyubu karibu na mdomo, midomo inahisi pumzi kuliko masikio. Piga msasa, paka solusheni, na hapa subiri. Ikiwa bado inang'aa haijawa tayari. Ikishafifia na kidole hakinati, ndipo unabandika na kukandamiza kwa kisigino cha kiatu. Kabla ya kurudisha, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote utafute mwiba. Mwiba ulioachwa ndani utakusimamisheni tena baada ya mita mia mbili, na kwa kawaida ni mahali ambapo hakuna kivuli.

Maji: nusu lita kila saa mnayokanyaga, na mtu asingoje kiu. Mchana maji matupu hayatoshi kwa jasho la namna ile. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kamulia ndimu. Dafu nalo ni zuri, lakini halijazi chupa.

Na mkishindwa? Chwaka kuna daladala namba 206, Uroa namba 214, Kiwengwa namba 117. Zile za mbao zinapakia baskeli juu ya paa bila ya shida. Patana na utingo bei ya baskeli kabla haijapanda, na ilaze upande wa mnyororo ukiwa juu, usije ukapaka mafuta vikapu vya watu.

Kabla ya siku yenyewe fanyeni safari mbili ndogo. Moja ya Bububu, Kidichi, Kizimbani, kisha barabara ya Kizimbani hadi Kiboje, mtokee upande wa Dunga na kurudi kwa Mwera. Ya pili ni ileile, lakini mtoke alfajiri ile ile mtakayotoka siku kubwa. Makalio ndiyo yanayohitaji mazoezi zaidi ya miguu, samahanini kwa lugha.

SWALI: Bi Mwalimu, shikamoo. Binti yangu wa miaka 19 anataka kwenda na kaka yake na binamu yao kuzunguka kisiwa kwa baskeli. Mimi simkatazi, lakini bibi yake anasema mwanamke juu ya baskeli kutwa nzima si sura nzuri, na mimi nahofia nguo. Avae nini asiaibike na asianguke?
*Mama wa Binti, Mjini*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika siku mbili baada ya ile ya juu, na kwa jinsi nionavyo zimetoka mlango mmoja, lakini mimi siri yenu siitoi.

Huyo bibi yake mwambie kwa adabu aende Jambiani au Makunduchi asubuhi, atawaona wanawake wenye buibui na vikapu kwenye kerea wakienda zao pwani na konde, na hakuna anayegeuza shingo. Mimi nilipanda baskeli kwenda kusomesha miaka yangu yote ya kazi, na waliosema waliishia kuniomba niwapakie watoto wao wakichelewa skuli.

Nguo ndiyo hoja ya kweli. Hatari ni pindo la nyuma. Buibui refu upepo unalivuta nyuma, kwenye mnyororo na njiti za gurudumu, na likishika haliraruki kwanza, linakuvuta chini kwanza. Suruali pana ya pamba ndani, imefungwa kwa lastiki juu ya kifundo cha mguu wa kulia. Juu yake dera au gauni lililopasuliwa pembeni, lifike chini kidogo ya goti. Kama ni lazima buibui, liwe la kufunga vifungo mbele, na pindo alikunje alipitishe mbele alikalie, asilikunje likabaki linaning'inia pembeni. Phoenix yenye kifuniko kizima cha mnyororo ndiyo ya kwake. Hiyo ya gea waachie wavulana. Aulize pia ile ya fremu ya kike, ambayo chuma chake cha juu kimeshuka, kwa sababu kurusha mguu nyuma na nguo ndefu kunamwangusha mtu akiwa amesimama kabisa.

Mtandio wa pamba, si wa nailoni, auzungushe mara mbili na auchomeke ndani ya kola, asitumie pini shingoni. Ukilowa jasho unampoza. Rangi iwe nyeupe au manjano. Nyeusi inafyonza jua, na ile saa ya jua la chini niliyowaeleza wenzake, nyeusi haionekani.

Na kama siku zake zitaangukia hapo, waahirishe kwa wiki moja bila ya kuwaeleza wavulana sababu. Sema tu upepo haufai.

SWALI: Mimi ni mtu wa Wete, Pemba. Nina Phoenix isiyo na gea na ninataka kwenda Chake kwa barabara ya zamani, nirudi siku hiyohiyo. Vilima vinanimaliza. Ninunue baskeli nyengine?
*Msomaji, Wete*

JIBU: Usinunue. Nenda kwa fundi, mwambie akubadilishie friwili ya nyuma, akutilie yenye meno mengi zaidi. Ni kitu kidogo, bei yake si ya kukufilisi, na mnyororo ataongeza pingili moja au mbili. Kwenye tambarare utakanyaga haraka zaidi kwa mwendo uleule, lakini vilima vyenu vitapungua ukali.

Vilivyobaki, shuka usukume. Kila kilima cha Pemba kina mwisho wake na mara nyingi hauko mbali. Mtu anayesukuma kwa mguu na kufika juu na pumzi yake anampita kabla ya kilima cha tatu yule aliyekipanda kwa meno.

Linalonitia wasiwasi mimi ni kushuka. Breki zako za fimbo zinabana rimu kwa mpira, na rimu ikilowa mvua ya vuli hazishiki mpaka baada ya mizunguko kadhaa. Kabla ya mteremko zibane kidogo uifute rimu, halafu ndipo ushuke. Msimu wa karafuu shuka polepole zaidi ya hapo: majamvi yameanikwa mpaka kwenye lami, na watoto wanaozigeuza karafuu wanaangalia karafuu, hawakuangalii wewe.

SWALI: Ramani ya simu haitoshi kutuonyesha barabara zisizo na gari?
*Kijana wa Fuoni*

JIBU: Umbali itakupa sawasawa. Lakini kwake mstari mwembamba ni barabara tu, na huku kwetu mstari mwembamba upande wa mashariki unaweza kuwa njia ya mbuzi inayoishia kwenye shimo la chokaa. Kama unataka kipande cha kweli cha kujaribu, tafuta inayotoka Jendele kupitia Cheju hadi Unguja Ukuu Kaebona. Mabonde ya mpunga, kunguru, na baskeli za wakulima. Ukitokea Kaebona uko kwenye barabara ya kusini. Ukirudi Mjini utapita Bungi chini ya miembe inayosemekana kupandwa na Bi Khole, bintiye Seyyid Said, na hapo gari ni nyingi, kaa kushoto. Simu iwe mfukoni imezimwa intaneti ili chaji ifike jioni, na umwachie mtu wa nyumbani majina ya vijiji utakavyopita, kwa mfuatano, kwenye karatasi.